Je, Wajua? Uingereza ya Shamba, Si ya London

Je, wajua kwamba baa iliyo juu kuliko baa zote za Uingereza ina vyumba vya kulala, na kwamba kuna wateja waliokwenda kusikiliza muziki jioni moja wakatoka siku ya nne? Ni Tan Hill Inn, kaskazini mwa Yorkshire, mita 528 juu ya usawa wa bahari. Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 2021 dhoruba iliyopewa jina la Arwen ilileta upepo mkali na theluji hadi barabara zikafunikwa kabisa. Watu 61 walilala humo siku tatu, wengine kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni, pamoja na bendi iitwayo Noasis iliyokuwa imekuja kupiga nyimbo za Oasis. Njia ilifunguliwa Jumatatu.

Leo safu hii inaiacha London na kwenda shamba, nayo ina ushauri mmoja tu: ukifika huko, lala. Wageni wengi hushushwa na basi kijijini asubuhi, wakapiga picha, wakarudi mjini kabla ya jioni. Wanakosa lililo bora. Nyumba nyingi za kale za mashambani zimesimama mpaka sasa kwa sababu kuna mtu aliyezitafutia kazi mpya, na mara nyingi kazi hiyo ni kumlaza msafiri.

Je, wajua kwamba ukiwa na pesa za kitanda cha hosteli tu unaweza kulala katika kasri? St Briavels, mkoani Gloucestershire, ilijengwa karne ya 12. Mfalme John aliitumia alipokwenda kuwinda katika msitu wa Dean, na katika karne ya 13 mafundi wa kasri walifua vyembe vya mishale kwa ajili ya jeshi la mfalme. Baadaye ikawa jela ya wadaiwa, na maandishi waliyoyachonga wafungwa bado yako ukutani. Ikageuzwa hosteli mwaka 1948.

Chama kinachoendesha hosteli hiyo, YHA, kilianzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya vijana wa viwandani waliotaka kutembea milimani lakini hawakuwa na fedha za hoteli. Miaka ile ya mwanzo mgeni alitakiwa aje kwa miguu au kwa baiskeli, na asubuhi alipewa kazi ya mikono kabla ya kuondoka: kufagia, kuosha vyombo, kuchota maji.

Hosteli yao inayopendwa na wapanda milima kuliko nyingine huenda ni Black Sail, kwenye bonde la Ennerdale. Zamani ilikuwa kibanda cha wachungaji. Mgeni haendi na gari mpaka mlangoni. Unatembea mpaka mwisho wa bonde huku umebeba mzigo wako.

Kuna wanaolala kanisani. Hawa si wakimbizi. Ni watalii waliolipia. Taasisi ya Churches Conservation Trust inatunza zaidi ya makanisa 350 ya kale ambayo hayana tena waumini wa kutosha, na baadhi yake hukodishwa usiku kucha katika miezi ya joto. Unapewa kitanda cha kukunja, unalala katikati ya nguzo za mawe na makaburi ya watu wa zamani. Nguo nzito ni lazima, kwa maana mawe yale hayapati joto hata Julai. Fedha inayopatikana inasaidia kuyatunza majengo.

Landmark Trust wanafanya jambo hilohilo kwa majengo ya kila aina. Bwana John Smith na mkewe Christian waliianzisha mwaka 1965, walipoona nyumba ndogondogo zenye thamani zinabomolewa kwa kuwa si kubwa vya kutosha kutunzwa na serikali. Leo wana majengo yapatayo 200: minara, malango ya kasri, vinu, nyumba za walinzi. Ndani hakuna televisheni. Kuna rafu ya vitabu vinavyohusu eneo lile, na daftari ambalo kila mgeni huandika aliyoyaona kwa ajili ya atakayefuata.

Hao hao ndio wanaosimamia Lundy, kisiwa chenye urefu wa kilomita 5 hivi nje ya pwani ya Devon. Ndege wadogo wa baharini wenye midomo ya rangi, puffin, walikuwa karibu kwisha huko kwa sababu panya walikula mayai yao. Panya wakaangamizwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2023 ndege hao walihesabiwa zaidi ya 1,300. Ukienda Mei au Juni utawaona kwa macho, huhitaji hata darubini.

Kwa nini kila baa ya kijijini ina picha nje: simba mwekundu, swala mweupe, taji? Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliamuru wauza pombe watundike alama ili wakaguzi wawatambue. Watu wengi hawakujua kusoma, hivyo picha ilifaa kuliko maandishi. Wafalme wamepita, picha zimebaki.

Ukiona hoteli ya kale yenye lango refu la upinde katikati ya ukuta, jua kwamba lango lile lilikuwa la magari ya farasi. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza la posta lilitoka Bristol kwenda London, likafika kwa muda wa saa 16 hivi. Baada ya kila mwendo wa kilomita kama 15 hadi 20 farasi walibadilishwa, na kila kituo kilikuwa na zizi, jiko na vitanda. Miji mizima iliishi kwa biashara hiyo mpaka reli ilipoingia. The George, mjini Stamford, ni mfano mzuri kuliko yote niijuayo: bango lake limevuka barabara nzima juu ya vichwa vya wapita njia, na karibu na lango la mbele kuna vyumba viwili vya kusubiria, kimoja kimeandikwa London, cha pili York. Abiria alikaa upande wa safari yake. Stamford yenyewe ilikuwa mji wa kwanza England kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo, mwaka 1967. Lala usiku mmoja pale, uamke mapema, utembee barabara za mawe kabla maduka hayajafunguliwa.

Jibini maarufu ya Stilton haiwezi kutengenezwa katika kijiji cha Stilton. Sheria inaruhusu mikoa mitatu tu, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire, na Stilton iko Cambridgeshire. Jina lilitokana na hoteli ya Bell, iliyokuwa kituo cha magari ya farasi kwenye barabara kuu ya kaskazini: abiria walikula jibini ile pale, wakaisifu London kwa jina la mahali walipoionja. Hoteli ipo, na vyumba vipo.

Wanakijiji wa Hesket Newmarket, Cumbria, walipoona baa yao The Old Crown iko hatarini walichangishana, wakainunua kwa njia ya ushirika mwaka 2003. Ilikuwa baa ya kwanza ya ushirika nchini humo. Vijiji vingine vimefuata njia hiyo kwa maduka na posta.

Nje kidogo ya Winchester kuna nyumba ya wazee iitwayo Hospital of St Cross, iliyoanzishwa karne ya 12. Msafiri yeyote anayebisha hodi na kuomba hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha pombe ya kienyeji, bure. Desturi hiyo haijakufa mpaka leo. Sharti ni moja: uombe mwenyewe, maana hutapewa bila kuomba. Kutoka mjini ni matembezi mafupi kando ya mto Itchen.

Sasa sufu. Uzuri wa vijiji vya Cotswolds, vile vyenye mawe ya rangi ya asali, umelipwa na kondoo. Wafanyabiashara wa sufu walijenga makanisa makubwa kupita idadi ya waumini, na nyumba ambazo hata sasa watu husafiri bara hadi bara kuzitazama. Safu ya nyumba za Arlington Row, kijijini Bibury, ilijengwa mnamo 1380 ili iwe ghala la sufu ya watawa. Karne ya 17 ikagawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Lakini lipo jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka. Kilichozihifadhi nyumba hizi ni umaskini. Chukua Lavenham, mkoani Suffolk. Mwaka 1524 ilikuwa miongoni mwa sehemu 14 zilizolipa kodi nyingi kuliko nyingine zote England, kwa sababu ya kitambaa chake cha buluu. Kisha wakimbizi wa Kiholanzi waliohamia Colchester wakaanza kufuma kitambaa chepesi na cha bei nafuu, na soko la Lavenham likaanguka. Watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya kwa mtindo mpya. Wakabaki na nyumba za mbao zilizopinda, zaidi ya 300 ambazo leo zinalindwa kisheria, na hizo ndizo zinazowalisha wajukuu wa wajukuu zao. Wapo wanaotamani kuzinyoosha kuta zile. Mimi naomba wasiguse hata moja.

Lacock, Wiltshire: karibu kijiji kizima ni mali ya shirika la National Trust, waliopewa mwaka 1944 na Matilda Talbot. Katika jumba la abasia ya hapo, Agosti 1835, William Henry Fox Talbot alipiga picha ya dirisha; negativu yake, ndogo kama stempu, ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Dirisha bado lipo. Kila mtalii anayelipiga picha kwa simu anarudia kitendo kilichofanyika kwa mara ya kwanza pale pale.

Bourton-on-the-Water ina mfano wa kijiji chenyewe, uliojengwa kwa mawe ya Cotswolds kwa kipimo cha moja ya tisa na kufunguliwa mwaka 1937. Kwa kuwa mfano uko kijijini, ndani ya mfano kuna mfano. Na ndani ya huo, mwingine.

Kuna kijiji kimoja ambacho singependa mtu akipitie mbio. Ni Eyam, Derbyshire. Septemba 1665 furushi la vitambaa kutoka London lilifika kwa fundi cherehani wa hapo, na ndani yake, inaaminika, mlikuwa na viroboto wa tauni. George Viccars, msaidizi wa fundi, alikufa baada ya siku chache. Ugonjwa ukaenea. Juni iliyofuata kasisi kijana, William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, ambaye hakuwa na msimamo mmoja naye wa dini, aliwashawishi wanakijiji wakubali jambo zito: wasitoke, wasije wakaupeleka ugonjwa vijiji vya jirani. Wakakubali. Ibada ilihamishiwa bondeni, nje, kila familia ikasimama mbali na nyingine. Watu wa nje waliacha chakula mpakani, na wa Eyam waliweka sarafu katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki ili kuziondolea sumu. Mwanamke mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake. Mke wa kasisi, Catherine, naye alikufa Agosti 1666. Ugonjwa ulipokwisha Novemba, wafu walikuwa kama 260. Jiwe lenye matundu lipo shambani, makaburi ya akina Hancock yapo kilimani, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika kuwakumbuka. Sisi tuliopitia miaka ya korona tunaelewa waliyoyaamua kuliko kizazi kilichotutangulia.

Mlima Kinder Scout, mkoa huohuo: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa Manchester, waliupanda kwa makusudi ingawa ulikuwa eneo la matajiri la kuwindia ndege, wakapambana na walinzi. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 1951 eneo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini. Kama leo unatembea pale bila kuulizwa na mtu, wakumbuke vijana hao.

Njia za umma England na Wales zina jumla ya kilomita zipatazo 225,000. Nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba haruhusiwi kuzifunga. Wajibu wako ni kufunga kila geti ulilolifungua.

Kupiga hema popote unapotaka bila ruhusa hakukubaliki England, ila katika sehemu za Dartmoor. Mwenye ardhi mmoja alikwenda mahakamani kupinga haki hiyo. Mei 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba umma una haki ya kulala huko bila kuomba ruhusa yake.

Lake District, kaskazini-magharibi, ina mengi kiasi kwamba inastahili safu yake peke yake. Nachagua mawili. La kwanza ni penseli: karne ya 16 wenyeji wa bonde la Borrowdale waliona jiwe jeusi laini, wakaanza kulitumia kutia alama kondoo. Ilikuwa grafiti safi. Thamani yake ilipanda hadi Bunge likatunga sheria mwaka 1752 iliyofanya wizi wake kuwa kosa la jinai, na mji wa Keswick ukawa mji wa penseli. Jumba lake la makumbusho liko hapo. La pili ni kondoo wa Herdwick, wanaozaliwa weusi na kugeuka kijivu wakikua. Hawafungiwi kwa uzio mlimani. Mama humfundisha mwana mipaka ya malisho yao, na mwana humfundisha wake. Ukiliuza kundi lote, elimu hiyo nayo imekwenda. Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za sungura, alilijua hili. Alipofariki mwaka 1943 aliiachia National Trust mashamba 14 na zaidi ya ekari 4,000, akitaka Herdwick waendelee kulishwa humo. Lau angeuza kwa wajenzi wa hoteli, huenda UNESCO isingeiorodhesha Lake District katika urithi wa dunia mwaka 2017.

Clovelly, Devon: kijiji cha bandari ambacho magari hayaingii, kwa kuwa barabara yake ni ngazi za mawe zinazoteremka hadi baharini. Friji, sofa, saruji, vyote huburutwa kwa sleji.

Watu wa pwani yetu, waliozoea kuhesabu kujaa na kupwa, watakielewa upesi kisiwa cha Lindisfarne, Northumberland. Barabara yake inafunikwa na bahari mara mbili kila siku. Ratiba hubandikwa, na bado kila mwaka kuna madereva wanaookolewa huku magari yao yanaelea. Watalii wa mchana hukimbia kabla maji hayajajaa. Anayelala kisiwani hubaki na magofu ya monasteri, sili wanaolia kwenye fungu la mchanga, na wenyeji wachache. Hapo ndipo Waviking walipovamia mwaka 793.

Nyumba ya kulala inaweza pia kutembea. Mashua nyembamba za mifereji, zenye upana wa mita 2 hivi, hukodishwa na mtu asiye na leseni yoyote. Unafundishwa kwa muda mfupi, unaondoka. Kasi ya juu ni kilomita 6 na nusu kwa saa. Karibu na Devizes, mahali paitwapo Caen Hill, kuna milango ya maji 29 iliyokamilika mwaka 1810, inayopandisha mashua mita 72. Ni kazi ya nusu siku, na mabega yatauma.

Je, wajua kwamba mashambani humo waliwahi kukaa wasafiri wawili waliozungumza Kiswahili, na bila wao kimoja kati ya vitabu vikubwa vya karne ya 19 kisingekamilika? Abdullah Susi na James Chuma ndio waliouongoza msafara uliobeba mwili wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliuzika moyo wake hapo chini ya mti, wakaukausha mwili, wakautembeza zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, pamoja na madaftari yake. Maziko ya Westminster Abbey, Aprili 1874, yalifanyika wao hawajafika. Walifika baadaye mwaka huohuo, wakatembelea Newstead Abbey, Nottinghamshire, nyumba ambayo Livingstone alikaa miaka kumi hivi kabla akiandika kitabu chake cha Zambezi. Kisha wakakaa Twywell, kijiji kidogo cha Northamptonshire, ambako Horace Waller alikuwa kasisi. Waller alikuwa anayahariri madaftari ya mwisho, na kila alipokwama kwenye jina la mto, la mtu, au tukio ambalo mwandishi alilitaja nusu, Susi na Chuma walimweleza. Kitabu kilitoka kabla mwaka haujaisha, jina la Livingstone likiwa kwenye jalada. Wote wawili walirudi na kufia Zanzibar, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Newstead hupokea maelfu ya wageni wanaomfuata mshairi Byron aliyewahi kuimiliki. Ukienda, ulizia habari za Susi na Chuma. Wanastahili kuulizwa kwa majina.

Msafiri mwingine, John Hanning Speke, aliyefika ziwa Nyanza mwaka 1858, amezikwa katika kijiji cha Dowlish Wake, Somerset. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo mjini Bath juu ya chanzo cha Nile.

Na chai unayoletewa kwenye vyumba vya chai vya Devon, pamoja na skonzi, jemu na malai mazito? Kenya ndiyo inayoiuzia Uingereza chai nyingi kuliko nchi nyingine. Devon hutangulia malai, Cornwall hutangulia jemu, na ukikosea utasahihishwa.

Lipo na la kuumiza. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, Cornwall, walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisinunuliwe na watu wenye nyumba nyingine; zaidi ya asilimia 80 walikubali. Whitby wakafuata mwaka 2022, asilimia 93. Vijana waliozaliwa hapo hawamudu kodi, kwa kuwa nyumba hukodishwa wageni kwa wiki na kukaa tupu majira ya baridi. Tangu Aprili 2025 halmashauri zinaruhusiwa kuwatoza wamiliki wa nyumba za pili kodi ya halmashauri maradufu. Kwa hiyo chagua chumba ambacho mwenye nyumba anaishi humo, au hosteli, au hoteli ya kijiji, ili fedha yako ibaki na watu wanaoishi pale Januari.

Mwisho wa Juni, kaskazini, saa nne usiku bado kuna mwanga. Desemba giza huingia saa kumi jioni. Majiko mengi ya baa za vijijini hufungwa saa tatu usiku, na mpishi akishavua aproni huna wa kumwamsha. Nauli ya basi, ambayo serikali iliiwekea ukomo wa pauni 2 Januari 2023, ilipandishwa hadi pauni 3 Januari 2025 kwa safari nyingi za England. Kwa bei hiyo unaweza kuvuka mkoa mzima, mradi ujue kwamba vijijini basi la mwisho mara nyingi huondoka kabla ya chakula cha jioni, na Jumapili huenda lisiwepo kabisa.